Mfupa Mbele ya Jino: Jinsi Nakuru Ilivyoondoa Floraidi Majini

Mwaka 2018 shirika la GivePower kutoka Marekani lilizindua mtambo wa kusafisha maji ya chumvi kule Kiunga, Kaunti ya Lamu, karibu na mpaka wa Somalia. Unatumia umeme wa sola na betri, na wenyewe walitaja uwezo wa takriban lita 75,000 kwa siku. Kwa watu waliozoea kunywa na kuogea maji ya chumvi, hilo ni jambo kubwa. Mkazi wa Kabazi, huku kwetu Kaunti ya Nakuru, anaposikia habari hizo ana haki ya kuuliza: mbona sisi tusijengewe mtambo kama huo?

Swali ni zuri, kwa sababu nasi tuna maji yenye kitu kilichoyeyuka ndani yake ambacho hakiondoki kwa kuchuja na kitambaa wala kwa kutia dawa. Tofauti ni kwamba chetu hakionjeki. Maji ya kisima kirefu huku Nakuru yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu, lakini yakabeba floraidi nyingi kuliko mwili wa mtoto unavyostahimili. Nakuru ililitafutia tatizo hili jibu lake zaidi ya miaka 20 iliyopita, na jibu hilo lilitoka kichinjioni. Naona ndilo lililoifaa ardhi hii, ingawa lina udhaifu mmoja ambao hautibiwi na kemia.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sakafu ya Bonde la Ufa imetandikwa majivu ya volkano na mawe yaliyobeba floraidi, na imejaa nyufa. Tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lililokaribia ukubwa wa 7, lilipasua ardhi kwa kilomita nyingi hapa hapa kwetu. Maji ya mvua huzama, hukaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo, mara nyingine hupashwa joto, na kila yanapokaa huokota madini. Kwingineko kalisi iliyomo majini huishika floraidi na kuifanya igande. Maji ya Bonde yana sodiamu nyingi na kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki imeyeyuka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotaja viwango vya juu kabisa vya asili, lilitaja miligramu 2,800 kwa lita katika Ziwa Nakuru. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa hilo, lakini kipimo hicho kinaonyesha mwisho wa safari ya maji yetu ni upi. Kwa maji ya kunywa, shirika hilo linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa kawaida chemchemi na mito ya miinukoni huwa na floraidi kidogo kuliko visima virefu vya sakafu ya Bonde. Kwa hiyo mtu anayeshuka kutoka Kabazi kuelekea Solai anaweza kupita maji mazuri na maji mabaya katika safari fupi, na macho yake yasimwambie yapi ni yapi.

Meno ndiyo hutangulia kusema. Mtoto anayekunywa maji haya tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, meno yake ya kudumu yanapoundwa, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Watu wa Nakuru wamewahi kutambuliwa kwa meno yao hata Nairobi, na vijana wengi wamejifunza kucheka wakiwa wamefunika mdomo. Floraidi ikizidi zaidi, na kwa miaka mingi, huingia mifupani, viungo vikakakamaa na mgongo ukauma. Kuchemsha hakusaidii kwa hili. Mvuke huondoka, floraidi hubaki, na sufuria iliyochemka sana ina floraidi nzito kuliko ilipoanza.

Je, mtambo wa mtindo wa Kiunga ungeiondoa? Ndiyo, vizuri kabisa. Huko maji husukumwa kwa nguvu nyingi yapite kwenye utando ambao huruhusu maji na kuzuia chumvi, na floraidi huzuiwa pamoja nayo. Maduka mengi ya mjini yanayouza maji ya kujaziwa mtungi hutumia njia hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Lakini utando hauteketezi kitu. Unagawa maji mafungu mawili: safi upande huu, na upande wa pili mabaki yenye kila kilichozuiwa, mazito kuliko yalivyoingia. Pwani mabaki hayo hurudi baharini, na hata huko inabidi yamwagwe kwa uangalifu yasiue viumbe wa ufuoni. Bonde la Nakuru halina mto unaotoka kwenda baharini. Kinachomwagwa hapa hubaki hapa, ziwani au kwenye udongo ambao visima vyetu vinanyonya. Ongeza gharama ya pampu, umeme na utando wa kubadilisha, nawe utaona kwa nini kijiji kilichotawanyika mashambani hakiwezi kuanzia hapo.

Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilikuwa ikichimbia watu visima kwa miaka mingi, na kadiri ilivyochimba ndivyo ilivyokutana na floraidi. Mwaka 1998 idara yake ya maji ilianzisha kazi mahususi ya ubora wa maji, ikaja kushirikiana na Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi. Kifaa walichokichagua kilikuwa mkaa wa mifupa.

Sababu ya mfupa kufaa ndiyo ile ile inayofanya floraidi iwe hatari. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya kalisi na fosfeti yanayoitwa haidroksiapataiti, na madini hayo yana nafasi ambazo floraidi huzipenda. Ikikutana nayo, huingia na kukaa. Mtoto akinywa maji hayo, nafasi inayokaliwa ni ya jino lake. Ukiyapitisha maji kwanza katikati ya mfupa wa ng'ombe, floraidi hukaa huko, na mtoto hupata kilichobaki. Sijui njia nyingine ya kusafisha maji ambamo dawa na kinachoathirika vimefanana hivi.

Mfupa mbichi, hata hivyo, ungeozesha maji. Kwa hiyo mifupa hukusanywa kutoka vichinjioni na buchani, hupangwa kwenye tanuri na kuchomwa kwa siku kadhaa katika joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, hewa ikibanwa isiingie kwa wingi. Hapa ndipo ufundi ulipo. Joto likiwa dogo, mafuta na nyama hubaki, mfupa hutoka wa kahawia, na maji yatanuka na kuwa na rangi. Joto likipita kiasi, mfupa huwa mweupe, vitundu vyake vidogo hujifunga, na floraidi haipati pa kuingilia. Unaotakiwa ni mweusi au wa kijivu. Ukipoa husagwa, huchekechwa ili chembe zilingane, kisha huoshwa. Chembe kubwa mno huyaacha maji yakapita bila kugusana na mfupa vya kutosha, na vumbi huziba kichujio. Mkaa huo hujazwa kwenye ndoo kwa matumizi ya nyumbani, au kwenye tangi kubwa kwa shule na kioski cha maji.

Hesabu yake haina ugumu. Tuseme gramu moja ya mkaa inashika miligramu 2 za floraidi, nawe una kilo 10 ndani ya ndoo. Uwezo wote ni miligramu 20,000. Kama kisima chako kina miligramu 6 kwa lita na unataka kubakiza 1, kila lita inaacha miligramu 5 kichujioni, kwa hiyo utapata lita 4,000. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika itakaa nayo siku 200. Kisima chenye miligramu 11 kitaumaliza mkaa huo huo kwa siku 100. Ndiyo maana ni kosa kumuuzia mtu kichujio kabla ya kupima kisima chake, na ndiyo maana maji ya kufulia na ya ng'ombe hayapitishwi humo.

Nakuru haikuishia kwenye mkaa mtupu. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Eli Dahi, aliyefanya kazi Ngurdoto karibu na Arusha, alionyesha kwamba ukiongeza kalisi na fosfeti ndani ya maji yanayopita kwenye mkaa wa mifupa, floraidi huganda juu ya chembe hizo na kichujio hudumu zaidi. Watu wa Nakuru wakalifanyia wazo hilo kazi kwa njia ya vidonge vinavyoachilia madini hayo polepole, vikachanganywa na mkaa. Huu ni mfano mzuri wa ujuzi uliovuka mpaka wa Tanzania na Kenya bila kelele, nao unastahili kufahamika.

Sasa udhaifu. Kichujio kilichojaa floraidi hakibadiliki kwa lolote unaloweza kuliona. Maji yanatoka kwa kasi ile ile, yakiwa meupe vile vile, na ladha ni ile ile. Utando ukichakaa angalau pampu hulalamika. Mkaa uliokwisha hunyamaza, na mama anaendelea kumpa mtoto maji akiamini amemkinga. Kujua kunahitaji kipimo cha maabara, au daftari la lita zilizopita, na mtu wa kuja kubadilisha mkaa kwa wakati. Mkaa wenyewe unaweza kuoshwa kwa sodiamu haidroksaidi urudie kazi, lakini hiyo ni kazi ya kiwanda. Tena mkaa hauui vijidudu. Maji yakishachujwa bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini, kuchuja kukitangulia.

Kwa hiyo anayesema teknolojia hii ni rahisi amesema nusu. Kutengeneza ni rahisi. Kuhudumia kwa miaka kumi mfululizo, nyumba kwa nyumba, si rahisi, na sehemu hiyo ndiyo wafadhili huisahau wakishapiga picha za uzinduzi.

Kwa Kabazi, ambako mvua ni nzuri kuliko kule chini, ningeanza na mabati. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Lita moja ya kisima chenye miligramu 6 ikichanganywa na lita tatu za mvua hutoa miligramu 1.5, na hilo halihitaji mkaa wala umeme, linahitaji tangi la kutosha kuvuka kiangazi. Kichujio cha mifupa kiwekwe shuleni na kwa familia zenye watoto wadogo zinazotegemea kisima kirefu.

Serikali ya kaunti inaweza kufanya jambo moja ambalo halina gharama kubwa: iandike kipimo cha floraidi kwenye kila kisima cha umma, kwa rangi, mahali ambapo mchotaji ataona, pamoja na tarehe ya kipimo. Nawe msomaji, kabla ya kuchanga pesa za kisima kipya kijijini, dai karatasi ya maabara na usome mstari wa floraidi. Ikizidi 1.5, uliza papo hapo nani atabadilisha mkaa, na lini.