Seva Mbili, Diski Moja

Kuanzia Oktoba, Newala na Masasi, wilaya za korosho mkoani Mtwara, hazina muda wa kusubiri mashine. Korosho zinatoka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwenda ghala kuu, uzito unaandikwa, stakabadhi inatolewa, mnunuzi aliye mbali anaweka bei. Zamani barua za zabuni zilifunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mtandao usiposoma, analaumiwa karani wa dirishani. Ukisoma, hakuna anayemuulizia fundi. Mimi nataka kumuulizia, hasa yule anayejua kufunga seva mbili juu ya diski moja ili mfumo wa ghala usisimame.

Kwa kutazama, kazi ni nyepesi. Seva mbili zinaunganishwa na kabati moja la diski. Moja inahudumia, nyingine inasubiri. Ya kwanza ikifa, ya pili inaichukua diski, inajitwalia anwani ile ile ya IP, inazitangazia swichi kwamba anwani sasa iko kwake, na karani anaona mfumo umesita tu. Ndivyo wauzaji wanavyoieleza. Ufundi uko kwingine.

Seva hizi hujuliana hali kwa mapigo, yaani ujumbe mfupi unaopishana kati yao bila kukoma. Mapigo yakikatika, inayosubiri imejua nini? Imejua kwamba haimsikii mwenzake, basi. Huenda amekufa. Huenda waya umechomoka tu, naye mzima anaendelea kuandika. Ikikurupuka kuishika diski, ni sawa na makarani wawili wa ghala kuandika daftari moja bila kuonana, kila mmoja akivuruga mistari ya mwenzake. Jioni daftari halisomeki.

Shida ni ya hesabu: kura mbili zikigongana, hakuna walio wengi. Digital Equipment Corporation ya Marekani, iliyotangaza VAXcluster, mfumo wake wa kuunganisha kompyuta, mwaka 1983, iliziba pengo hilo kwa kuipa diski nayo kura, ili akidi itimie. Siku hizi kura ya tatu inaweza kushikwa na kompyuta ndogo iliyo jengo jingine. Hata hivyo fundi makini haridhiki na kura. Huipa kila seva uwezo wa kumkatia mwenzake umeme, na sharti: usiguse diski mpaka uthibitishe amezimika.

Hapo ndipo uwanda wa Makonde, ilipo Newala, unapomtenga fundi na msoma maelekezo. Wengi hutegemea kadi ndogo ya usimamizi iliyomo ndani ya seva. Lakini kadi hiyo inakula umeme wa seva ile ile. Radi ikiunguza pawasaplai, kadi nayo imekwenda, na seva iliyopona inauliza, "Umezimika?" bila kujibiwa. Haithubutu kuendelea. Una seva nzima, diski nzima, na huduma imesimama! Kwa hiyo fundi anayezijua radi za msimu wa mvua huweka njia ya pili: soketi zinazoamrishwa kwa mtandao, au kabati la diski lenyewe likatae maandishi ya seva iliyofukuzwa. Kila seva ina UPS yake, betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Waya mmoja wa mapigo unapita moja kwa moja kati ya seva, haupiti kwenye swichi. Na kwa kuwa barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande, pawasaplai ya akiba inakaa ofisini, haingojewi kwenye basi la kutoka Dar es Salaam.

(Lakini diski moja ni moja. Karani akifuta rekodi, imefutika kwa seva zote mbili. Nakala za akiba ni kazi nyingine, na fundi mkweli huisema mapema.)

Ninachokipenda zaidi ni majaribio. Fundi hazimi seva kwa adabu; anachomoa waya wa umeme huku makarani wakiingiza uzito wa magunia. Kisha waya wa mapigo. Kisha wa diski. Kila mara anasoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari, hata huduma ikiwa imerudi, maana inaweza kurudi kwa bahati.

Seva iliyoanguka ikiwaka tena, haachi ijirudishie kazi. Inaingia kama msaidizi na kukaa. Kuhamisha huduma ni kuikatiza, na kilichoiangusha huenda bado kimo ndani yake. Kazi itarudishwa maghala yakishafungwa, au isirudishwe kabisa, kwa sababu seva zote mbili zina uwezo sawa na hakuna iliyoandikiwa kuwa ya kwanza.