Namna ya Kuitambua Ovakloki Njema kwenye Prosesa Kongwe

Mwulize aliyefanya ovakloki, yaani aliyeipandisha prosesa juu ya mwendo wa kiwandani, mashine yake imefika wapi, naye atakutajia gigahezi. Mjuzi huiangalia namba hiyo mwisho. Kwanza hutazama volti zilizotumika, joto linalotoka, na kama hesabu za mashine bado ni sahihi.

Tuchukue Intel Core i5-2500K, iliyotoka Januari 2011, ambayo hadi leo ni shule nzuri ya fani hii. Kiwandani ilipewa gigahezi 3.3, na kizidishi chake, yaani namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata mwendo, kiliachwa wazi. Ili kuipandisha mwendo, inataka ubao mama wenye chipseti kama P67, Z68 au Z77. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini hazina ubao wa aina hiyo, kwa hiyo hakikisha kabla hujatoa pesa.

Kizidishi na volti

Fundi makini hupandisha kizidishi peke yake na kuiacha saa ya msingi kwenye megahezi 100. Katika kizazi hiki saa hiyo huendesha pia njia za diski na kadi; ukiisukuma, data za kwenye diski zinaweza kuharibika.

Kisha tazama volti. Tuseme chipu yako inatulia kwenye gigahezi 4.4 kwa volti 1.28, lakini 4.6 inadai 1.38. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na mwendo, na kwa mraba wa volti. Piga hesabu: mwendo umeongezeka kwa asilimia 4.5, umeme kwa takriban asilimia 21. Mjuzi akiona hivyo hurudi 4.4, maana volti kubwa zikikutana na joto huchakaza nyaya nyembamba zilizomo ndani ya silikoni, na uchakavu huo hautengenezeki.

Mashine isipokuwa na kazi, prosesa ishuke yenyewe hadi gigahezi 1.6. Aliyezima utaratibu huo ili mashine isigande ameficha tatizo, hajalitatua.

Joto

Pima mchana, chumba kikiwa na joto lake la kawaida, huku programu ya Prime95 ikiibebesha prosesa mzigo mzito. i5-2500K hujipunguzia mwendo ikifika karibu na nyuzi 98 za Selsiasi. Kazi njema haivuki 80. Kabla ya kuilaumu chipu, toa vumbi kwenye feni na upake upya pesti ya joto, kwani katika mashine ya umri huu ile ya zamani huwa imekauka. Linganisha pia viini vinne: kimoja kikiwaka kuliko wenzake kwa tofauti kubwa, huenda kipoza joto hakijakaa sawa.

Memori

Hapa wengi hudanganywa na namba kubwa. DDR3 ya 1333 yenye CL9 (mizunguko tisa ya kusubiri) hujibu baada ya nanosekunde 13.5. Ya 1600 yenye CL9 hujibu baada ya 11.25. Ya 1866 yenye CL11 huchukua 11.8: inabeba data nyingi zaidi kwa sekunde, ila jibu la kwanza linachelewa kidogo. Namba ya mwendo na ya CL zisomwe pamoja. Volti ya kawaida ni 1.5, na kwa kuwa kidhibiti cha memori kimo ndani ya prosesa yenyewe, usivuke 1.65. Tena, subiri prosesa itulie ndipo uiguse memori. Ukizipandisha zote kwa mpigo, hutajua kosa limetoka wapi.

Ushahidi

Iache programu ya Memtest86+ ipime memori usiku kucha kabla ya kufungua Windows. Kosa moja tu linatosha kuikataa kazi yote, kwa sababu memori yenye hitilafu haizimi mashine kila mara. Inaweza kuandika faili bovu leo, nawe ukaligundua baada ya miezi. Halafu fungua orodha ya matukio ya Windows utafute WHEA-Logger namba 19. Hilo ni kosa ambalo vifaa vimelisahihisha kimyakimya, na mashine inaweza kufaulu majaribio yote huku ikizalisha makosa ya aina hiyo. Ukilikuta, shusha kizidishi hatua moja, kisha anza kupima upya.

Ukinunua mashine iliyokwisha kuongezwa mwendo, omba uonyeshwe volti ikiwa kazini, joto lake la mchana, na orodha hiyo ya matukio. Mwenye kazi safi hatasita. Gigahezi 4.2 zisizo na kosa ni kazi bora kuliko 4.8 zenye mashaka, na ndizo za kulipia.