Sifa Iliyo Chini ya Maji

Bamvua likishakupwa kijijini Matondoni, jahazi hulala ubavu mchangani, limeegemezwa magogo, na fundi ana saa chache tu kabla maji hayajarudi. Hukwangua kwanza. Chaza na mwani huanguka vipande vipande. Kisha huwasha makuti makavu na kuupitisha mwali chini ya mbao, taratibu, hadi mdudu anayetoboa mbao afie tunduni mwake. Moto ukikawia mahali pamoja, kalafati huungua na chombo kitavuja. Ukipita mbio, mdudu anabaki hai. Kipimo cha kazi hiyo ni jicho na mkono.

Halafu huja deheni, chokaa iliyokandwa kwa mafuta ya mnyama. Huipaka kwa kiganja. Kiganja hukutana na kila kijiwe, kila kichwa cha msumari kilichojitokeza, na fundi husimama hapo hapo, akasugua, akapapasa tena. Mbao za juu hupata mafuta ya ini la papa. Wazee waliyaita mafuta hayo sifa, na kwangu mimi jina limewastahili wayapakao pia.

Faida ya ulaini huo ilipimwa miaka ya 1870: huko Torquay, Uingereza, mhandisi William Froude alizikokota mbao ndani ya birika refu la maji, mmoja una vanishi, mwingine umevishwa kitambaa, mwingine umegandishwa mchanga. Ubao wa mchanga ulidai nguvu karibu mara mbili ya ule wa vanishi. Maji huung'ang'ania mwili wa chombo, na penye mkwaruzo hushika zaidi. Ndiyo maana meli kubwa ya mizigo, iendayo polepole, hutumia sehemu kubwa ya mafuta yake kushindana na msuguano huo tu.

Viwanda vilitafuta njia ya mkato ya kuwazuia chaza waletao mkwaruzo huo: rangi yenye sumu ya bati. Chaza walikufa kweli, lakini konokono majike wa baharini wakaota viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku rangi hiyo ulianza kutumika Septemba 2008. Deheni haina sumu hiyo. Inachodai ni kurudiwa kila baada ya miezi michache, na mtu wa kuirudia.

Nahodha akifika mapema, watu humpongeza yeye na tanga lake. Wewe mwenye chombo, basi, usimpunje aliyelala chali chini ya mkuku, chokaa imemjaa hadi viwikoni. Mlipe kama unavyomlipa mshona tanga.