Mstari Usikatwe

Kata ya Msangano, Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, iko chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa, mbali na milolongo ya malori ya mpakani Tunduma. Huko ufuta ni zao la fedha. Msimu wa kuuza ukifika, mkulima hupeleka magunia ghalani, mizani husoma kilo, na karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huandika mstari mmoja daftarini: kijiji, namba ya mkulima, tarehe, kilo. Mistari hufuatana kama watu walivyofuatana kwenye foleni. Lakini siku ya malipo hakuna anayeitaka kwa mpangilio huo. Mhasibu anataka kijiji kwa kijiji, ndani ya kijiji mkulima kwa mkulima, na chini ya kila mkulima tarehe kwa tarehe. Kuutoa mpangilio huo ndani ya ule wa foleni ni ufundi, na mimi nausifu kwa moyo wote, maana nauona kuwa miongoni mwa kazi za heshima kubwa kabisa katika hesabu za kompyuta, ingawa hausifiwi na wengi.

Daftari likiingizwa kwenye kompyuta na kila kitu kikawa namba, wanahisabati huliita matriki: mistari imelala, safu zimesimama. Amri ya kwanza ya fundi ni kwamba mstari haukatwi. Watu huivunja kila siku bila kujua. NumPy, maktaba ya namba inayotumiwa na waandishi wengi wa programu za Python, ina amri ya kupanga ambayo ukiielekeza kwenye safu, hupanga kila safu peke yake, kana kwamba zilizo jirani hazipo. Tuseme mkulima namba 7 ameleta kilo 85, na namba 3 ameleta kilo 240. Pitisha amri hiyo, nawe utapata namba 3 ana kilo 85 na namba 7 ana kilo 240. Jumla ya kilo haikubadilika. Idadi ya wakulima ni ile ile. Ukaguzi wa jumla utapita salama, na kompyuta haitatoa onyo lolote. Ila mkulima namba 3 amenyang'anywa kilo 155.

Fundi mzuri hufanya jambo ambalo mara ya kwanza huonekana kama kuzunguka tu: hazigusi namba zenyewe. Huiomba mashine orodha ya nafasi, yaani uanze mstari wa nne, ufuate wa kwanza, kisha wa tatu. Orodha hiyo ndiyo fahirisi. Akiwa nayo, huisoma matriki nzima kwa kuifuata, na kila mstari husogea mzima pamoja na kijiji chake, mkulima wake na kilo zake. Daftari la asili linabaki lilivyoandikwa na karani, na yeyote mwenye shaka anaweza kulirudia. Sijaona uadilifu katika programu uliowekwa wazi kuliko huo.

Sasa njoo kwenye safu nyingi. NumPy ina amri iitwayo lexsort, na wanafunzi huishangaa kwa sababu safu unayoitaja mwisho ndiyo yenye uzito wa kwanza. Ukitaka kijiji, kisha mkulima, kisha tarehe, unataja tarehe, mkulima, kijiji. Kwa mtazamo wangu mpangilio huo unasema kweli kuhusu kazi inavyotendeka. Makarani wa mashine za kadi zenye matundu, zile zilizotokana na kazi ya Herman Hollerith kwenye sensa ya Marekani ya 1890, walipanga kadi kwa kuanzia tarakimu ya kulia kabisa, yenye uzito mdogo, wakaenda kushoto hadi yenye uzito mkubwa. Mwaka 1954 Harold Seward, akiwa MIT, aliiweka njia hiyo katika sura inayoifaa kompyuta.

Kinachoifanya ifanye kazi ni uthabiti: mistari miwili ikilingana katika safu inayopangwa sasa, uliotangulia uendelee kutangulia. Ukishapanga kwa tarehe, kisha ukapanga kwa mkulima, tarehe za mkulima yule yule zinabaki katika mfuatano wake. Ukimalizia kwa kijiji, kazi yote ya nyuma inasalimika. Upangaji kwa kuunganisha, ambao John von Neumann aliubuni mwaka 1945, una sifa hiyo. Ule ambao Tim Peters aliuandikia Python mwaka 2002 unayo pia. Upangaji wa haraka wa Tony Hoare, katika sura yake ya kawaida, hauna, na amri ya kawaida ya NumPy haiahidi uthabiti mpaka uuombe.

Halafu kuna mambo madogo yenye madhara makubwa. Namba zilizoingizwa kama maneno hupangwa kama maneno, 100 ikaja kabla ya 25. Anayetaka kilo kubwa zije juu hugeuza alama ya safu hiyo kuwa hasi, njia nzuri mpaka akutane na aina ya namba isiyokubali hasi. Na pale mizani ilipokosa kuandikwa, NumPy husukuma pengo hadi mwisho. Mkulima wa mstari huo asisahaulike huko.

Mashine haiwezi kukuchagulia safu ipi itangulie. Matokeo ya Sensa ya Tanzania ya 2022, yenye watu 61,741,120, yalichapishwa kwa mikoa, halmashauri na kata. Yangetanguliza umri au kazi, tungesoma nchi nyingine kwa namba zile zile. Mhasibu akitanguliza kilo badala ya kijiji, kubwa zikija juu, wakulima wakubwa wa Momba watajaa ukurasa wa kwanza, na wa madebe mawili watatafutwa mwisho.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Songwe mnaosomea kompyuta, ninyi mtakaoandika programu za malipo ya ufuta, na ya mpunga wa Kamsamba, humo humo Momba: juu ya kila orodha andikeni kwa Kiswahili imepangwa kwa safu zipi na ipi imetangulia. Kisha chukueni mistari kumi, muipange kwa mkono, mlinganishe na jibu la mashine kabla hamjamlipa mtu.