Masafa Makubwa Yasiyofika Mbali

Meza ya istilahi ililetewa mwongozo mfupi wa kuchagua vyombo vya mtandao usiotumia waya, kwa matumizi ya nyumbani na ofisini, ili lugha yake ihakikiwe. Mtafsiri wake ni hodari: sentensi zake zinatiririka, wala hakukimbilia maneno ya kigeni pasipo na haja. Hata hivyo, ofisi moja iliyoufuata kabla ya kuhakikiwa ilinunua vyombo visivyoifaa, na kosa halikuwa la fundi wala la mhasibu. Lilikuwa la neno masafa.

Katika mazungumzo ya kila siku, masafa ni umbali. Katika utangazaji, neno hilohilo hutaja idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na pengine urefu wa wimbi lenyewe. Wasikilizaji wa redio wameishi na mkanganyiko huu miaka mingi bila ya kudhurika. Waliambiwa wafungulie masafa mafupi, wakasikia matangazo kutoka ng'ambo ya bahari; kilichokuwa kifupi ni wimbi, si safari yake. Msikilizaji hakulazimika kulijua hilo, alizungusha kitufe tu. Mnunuzi hana nafuu hiyo.

Vyombo vingi vya Wi-Fi hutumia gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Gigahezi 5 ni mitetemo bilioni tano kwa sekunde. Mawimbi hayo hubeba habari nyingi kwa kasi, lakini hudhoofika upesi yanapopenya kuta. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ingawa nafasi yake ni finyu na hugombaniwa na vyombo vya majirani, hata na jiko la mikrowevu. Mwongozo ulimshauri mwenye kazi nyingi achague vyombo vya "masafa makubwa". Karani akaelewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa: vyombo vifikavyo mbali. Jengo lao ni la zamani, lenye kuta nene za mawe. Chumba cha masijala, mwisho wa ujia, hakikupata kitu.

Wako watakaotaka masafa liachiwe umbali peke yake, na mawimbi yatafutiwe neno jipya. Sikubaliani nao. Neno hili limekwisha kuota mizizi katika leseni na kanuni za mawasiliano, na haling'olewi kwa waraka. Lililo katika uwezo wetu ni kuandika masafa ya mawimbi kwa ukamilifu, kuyasifu kuwa ya juu au ya chini, kamwe si makubwa wala marefu, na kuuita umbali kwa jina lake.

Ruta nalo lina lawama, japo si kwa mtafsiri peke yake. Nyumbani, kisanduku kimoja hupokea intaneti, hupanga njia za habari na hurusha mawimbi. Hapana ubaya kukiita ruta. Ofisini kazi hizo hugawanywa: ruta moja, swichi ya kuunganishia nyaya, na vyombo kadhaa vya mawimbi vinavyofungwa darini. Mwongozo uliviita vyote ruta. Ofisi ikanunua ruta tatu, ilhali ilihitaji moja. Kipanga njia ni jina zuri, nami ningependa lidumu katika maandishi, ila dukani halisikiki. Kwa chombo cha darini napendekeza kituo cha mawimbi, kwa kuwa hurusha na hupokea pia.

Kuhusu kasi, mwongozo umechanganya biti na baiti. Baiti moja ni biti nane. Aliyeahidiwa megabiti 40 kwa sekunde atapata megabaiti 5, tena kwa makadirio ya juu kabisa.

Mwongozo umerudishwa kwa mtafsiri pamoja na masahihisho haya. Bado tunatafuta jina la chombo kidogo kinachodaka mawimbi na kuyapokeza mbele. Msomaji aliyesikia mafundi wakikiita kwa neno la Kiswahili atuandikie, ataje na mahali alipolisikia.