Herufi za Katuni Katika Karatasi Zetu

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alipewa kusoma sentensi iliyoanza kwa neno "Ili", akasita. Karatasi ilikuwa imechapwa kwa Arial, ambamo I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili visivyotofautiana machoni. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili angekisia neno kwa maana ya sentensi. Wetu, ambao hawakuisikia lugha hii nyumbani, hawana msaada huo.

Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuiangalie upya chapa ya Comic Sans, ambayo wajuzi wa uchapaji huicheka. Ilichorwa mwaka 1994 na Vincent Connare, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Microsoft huko Marekani. Alionyeshwa programu ya wanaoanza kutumia kompyuta, ambamo mbwa wa katuni alizungumza kwa herufi za Times New Roman, chapa iliyobuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London. Connare aliona kwamba haielekei mbwa kusema kama mhariri wa gazeti. Akatazama vitabu vya katuni, akachora herufi zinazofanana na za mkono. Hazikuiwahi programu ile, lakini baadaye ziliingia katika kompyuta za Windows, na kutoka hapo zikaenea hata katika kadi za arusi.

Kwa mwalimu zina faida mbili za hakika. Herufi a ni duara lenye kijiti ubavuni, kama tuiandikavyo ubaoni. Haina lile paa la a ya vitabuni. Na I kubwa ina vijiti vya kulala juu na chini, hivyo "Ili", "Ila" na "Ilikuwa" husomeka bila kukisia. Kwa vitabu vya kwanza vya kusoma na mazungumzo ya vikaragosi, hatuoni haya kuzitumia.

Lakini tumeona pia tangazo la tanzia lililochapwa kwa herufi hizo hizo, na hapo hatuna la kulitetea. Jina la marehemu lilikuwa kama linachekelea. Chapa ina sauti yake, na mwalimu anayemkataza mwanafunzi kumwandikia mkuu wa shule kwa maneno ya kijiweni anapaswa kuisikia. Tarehe 4 Julai 2012, huko CERN, Fabiola Gianotti alieleza ugunduzi mkubwa wa fizikia, ule wa chembe ya Higgs, kwa kurasa za Comic Sans. Wako waliozungumzia herufi kuliko chembe yenyewe. Bila shaka hawakumtendea haki, ila ndivyo macho ya watu yalivyo.

Basi mitihani ya madarasa ya juu na ichapwe kwa Verdana, ambayo nayo ina I yenye vijiti vya kulala, wala haina mzaha. Yule mwanafunzi tulimwandikia sentensi ileile ubaoni kwa chaki, akaisoma mara moja.