Picha Mbili za Mlima Ruwenzori

Halmashauri ya shule moja hapa Butembo ilitaka picha ya mbao ya kutundika katika chumba cha mikutano. Mafundi wawili walipewa kazi ile ile: mlima Ruwenzori, wenye kimo cha mita 5,109, kama uonekanavyo toka upande wa Beni, na mto Semuliki chini yake. Tuliitwa pamoja na wengine tuseme ipi inunuliwe. Twaona vema kuwaeleza wasomaji wetu hukumu yetu, maana mashine zimekwisha kufika, na wazazi wengi wanauliza wawafundishe watoto wao kazi gani.

Kwanza tufahamiane juu ya kazi yenyewe. Waitalia huiita intarsia. Fundi hukata vipande vya miti mbalimbali, kila kimoja na rangi yake ya asili, akavipatanisha juu ya ubao mmoja hata picha itokee. Ni kazi ya zamani. Mtawa Fra Giovanni wa Verona alitengeneza hivyo viti vya waimbaji vya monasteri ya Monte Oliveto Maggiore, kati ya mwaka 1503 na 1505, na hata leo watu husafiri kwenda kuvitazama.

Picha ya kwanza ililetwa na kijana mwenye mashine ya CNC. Alichora mlima katika kompyuta, programu ikageuza kila mstari kuwa hesabu, na hesabu zikaiongoza mashine: kisu kiende kuume, kiende kushoto, kishuke. Mashine ya namna hii ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, kwa ajili ya vipande vya ndege. Kijana huyu ana akili. Kisu chake kina upana wa milimita 3, basi aliiamuru programu ipite nje ya mstari kwa milimita 1 na nusu, vipande visipungue. Alijua pia kwamba kisu cha mviringo hakiwezi kukata pembe kali ya ndani. Pembe hizo akazimaliza kwa patasi. Tulipitisha ukucha juu ya maungo, haukukwama hata mara moja. Hapo hatuna la kulaumu.

Lakini tulipotazama toka mbali kidogo, mlima haukuwapo. Vipande vyote vimetoka katika ubao mmoja wa libuyu, na programu iliviachia kugeuka huku na huku ili ubao usipotee bure. Kwa hiyo nyuzi za mti katika mto zimesimama wima kama nguzo, na nyuzi za mteremko zimelala kama sakafu. Theluji imepakwa rangi ya dukani. Tuliona mistari mizuri, basi.

Picha ya pili ni ya mzee aliyekimbia toka Beni kwa sababu ya mauaji yaliyoanza huko mwaka 2014. Vyombo vyake vyote vilibaki nyuma. Alikata kwa msumeno wa kuazima. Maungo yake yana nyufa, na mahali pengine ametia unga wa mbao na gundi. Walakini mteremko wake ni libuyu ambao michirizi yake yashuka pamoja na mlima. Ukitembea mbele yake, mwanga nao watembea. Theluji ni ubao mweupe wa sehemu ya nje ya mkaratusi. Mto ni mvule. Tulimwuliza mbona mto umekuwa wa manjano mno. Akajibu kwamba mvule uliokatwa karibuni huanza hivyo, halafu mwanga huugeuza kuwa kahawia. Ameuacha ujimalizie kazi wenyewe. Hesabu hiyo kijana hakuipiga.

Wengine kikaoni walisema mashine inaharibu sanaa, ifukuzwe. Hatukukubali. Programu ile ile ina amri ya kukizuia kipande kisigeuke. Kijana hakuitumia, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kutazama ubao kabla ya kutazama kioo cha kompyuta. Wengine wakamsifu mzee kwamba nyufa zake ni uzuri wa kazi ya mkono. Hilo pia hatukulikubali. Ufa ni ufa: majira ya mvua unyevu utaingia, gundi italegea, vipande vitainuka. Kumsifu mzee kwa kosa ambalo msumeno mzuri ungelizuia ni kumdharau.

Tulishauri inunuliwe picha ya mzee, kwa maana nyufa zaweza kuzibwa, bali nyuzi zilizokwisha gundishwa vibaya hazigeuzwi tena. Halmashauri ilikubali. Tuliomba pia kijana akate picha ya pili, mzee akimchagulia mbao, nao wagawane malipo. Mzee alisema yu tayari. Kijana aliondoka bila kuaga, wala hajarudi.

Twaandika haya kwa ajili yake pia. Ndugu, mkono wa mashine yako ni hodari kuliko mikono yetu sote. Lakini libuyu na mvule vyatoka katika misitu ya Beni na Mambasa, na mti mkubwa hauoti mara mbili katika maisha ya mtu. Mzee yuko. Nenda ukae naye siku chache, kompyuta ikiwa imezimwa.